Kistari kwenye fomu ya Agosti

Jumapili usiku, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa. Mtaa mzima tulikuwa juu ya madari, watoto wakiuliza kama utarudi, misikitini watu wakisali sala ya kupatwa. Ulipofunikwa wote ukawa mwekundu kama kaa la jikoni, na mamangu akaniambia nishuke nikalale, kesho kazini. Sikushuka. Jumatatu nikaingia ofisini na usingizi machoni, na naamini hiyo ndiyo sababu nilikiona nilichokiona: nilikuwa nasoma polepole, mstari kwa mstari, si kwa mbio za siku zote.

Mimi ni afisa wa rekodi za afya, hapa hapa Lamu nilikozaliwa. Wengi wakisikia hivyo huwaza dirisha la hospitali na foleni ya watu wanaotafutiwa faili. Nilianzia hapo kweli. Siku hizi nashughulika na hesabu. Kila zahanati na kila kituo cha afya katika kaunti, kuanzia Witu huko bara mpaka Kiunga karibu na mpaka wa Somalia, hufunga mwezi kwa kujaza fomu za Wizara: 705 ya wagonjwa wa nje, 711 ya wajawazito na uzazi, 710 ya chanjo, na nyinginezo. Fomu hutakiwa zitufikie ifikapo tarehe 5 ya mwezi unaofuata, nasi tuwe tumeziingiza kwenye mfumo wa kitaifa, KHIS, kabla tarehe 15 haijapita. Ukiitazama ramani utaona ni jambo jepesi. Lakini sisi tuna maji katikati. Fomu nyingine huja mfukoni mwa nahodha, nyingine huja na mgonjwa aliyepewa rufaa, nyingine hupigwa picha na kutumwa WhatsApp siku nesi anapopata netiweki juu ya kilima cha mchanga.

KHIS imejengwa juu ya programu iitwayo DHIS2, ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini ya baada ya 1994 na ambayo hadi leo inalelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Kenya iliichukua kwa nchi nzima mwaka 2011, kabla kaunti hazijazaliwa. Naipenda programu hii. Mkuu wangu wa kwanza kazini alinisimulia walivyokuwa wakifunga makaratasi kwenye magunia na kuyapeleka Mombasa kwa basi, na majibu hayarudi. Leo mtu aliyeko Nairobi aweza kuona ni wanawake wangapi walijifungulia Faza mwezi uliopita kabla chai yangu haijapoa.

Lakini ina tabia moja ambayo kila mtu wa kazi yetu hana budi aijue. Kwa kawaida haihifadhi sifuri. Ukiandika 0 kwenye kisanduku, na waliokiunda kisanduku hicho hawakuiamuru programu itunze sifuri, ile 0 hupotea na kisanduku hubaki kama hakikuguswa. Walifanya hivyo kupunguza uzito wa data, na kwa nchi yenye maelfu ya vituo na mamia ya visanduku kila mwezi naielewa sababu yao. Ila matokeo yake ni kwamba mtu aliyehesabu akakuta hakuna, na mtu ambaye hakuhesabu kabisa, kwenye skrini wanafanana.

Basi Jumatatu ile nilikuwa nikiingiza fomu 710 za Agosti. Nikafika kwenye zahanati moja ya kisiwa cha Pate. Jina lake na la kijiji nayaacha. Fomu ilikuwa safi, mwandiko umesimama wima, jumla zote zinaoana. Penta ya kwanza ipo, ya pili ipo, ya tatu ipo (hii ndiyo chanjo ya wiki 6, 10 na 14, inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya B na vimelea vya Hib). Kisha nikaja kwenye surua na rubela. Mstari wa miezi 9, kistari. Mstari wa miezi 18, kistari. Si 0. Kistari kifupi cha kalamu ya buluu, kama mtu aliyeanza kuandika akasita.

Kijiji kinachochanja penta kina watoto. Na watoto hao hufika miezi 9 siku moja wakipenda wasipende. Nikarudi nyuma kwenye mfumo: Julai kulikuwa na dozi chache, Juni kisanduku kitupu. Nikampigia nesi mara nne. Mteja hapatikani.

Jumanne ilikuwa ya mikutano. Wa kwanza ulikuwa wa matayarisho ya Maulidi. Tulikuwa Mfungo Sita, wageni walikuwa wameanza kuingia, na wiki za mwisho za mwezi huo mji hujaa pomoni kwa ajili ya Maulidi ya Msikiti wa Riyadha. Watu wakijaa, vyoo na visima hujaribiwa, kwa hiyo tuliipitia ripoti ya kila wiki ya magonjwa yanayofuatiliwa. Kwenye ripoti hiyo sifuri ina heshima yake. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono kwa ghafla, kituo lazima kitoe taarifa, maana yaweza kuwa polio; na kama wiki imepita bila mtoto wa namna hiyo, kituo lazima kiandike 0 na kuituma. Kunyamaza hakukubaliki. Waliopigana na polio walijifunza zamani kwamba nchi isiyotuma kitu huenda haina ugonjwa, au haina mtu wa kutazama, na huwezi kujua ni ipi mpaka umlazimishe mtu kusema.

Mkutano wa pili alikuja kijana mmoja wa kompyuta kutoka Nairobi, fundi hodari, amejenga dashibodi ya ramani inayoonyesha kiwango cha chanjo kwa kila kituo. Kijani, manjano, nyekundu. Vituo visivyo na data vilikuwa rangi ya majivu. Kwenye kisiwa cha Pate kulikuwa na doa moja la majivu na nililijua ni lipi.

Akasema, "Dada, haya madoa yanaharibu ramani. Tunaweza kuyajaza sifuri moja kwa moja, programu ikikuta kitupu iweke sifuri."

Nikamwambia hapana. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia, maana chumba kilinyamaza. Nikamweleza: ukiweka sifuri umesema kuwa hakuna mtoto aliyechanjwa, na hilo ni neno zito. Mtu atamuuliza yule nesi kwa nini. Huenda alichanja 10 na ukurasa umelowa. Huenda friji liliharibika. Huenda kuna sababu ambayo mimi na wewe hatujaiwaza. Lile doa la majivu angalau lakiri kwamba hatujui. Akauliza swali la haki kabisa: "Sasa tutajuaje?" Mwingine akasema Julai kulikuwa na kampeni ya taifa ya surua, rubela na homa ya matumbo, watoto wa miezi 9 hadi 59 walichanjwa surua na rubela wote, kwa hiyo tusiwe na haraka. Lakini mtoto aliyekuwa na miezi 8 Julai hakuhesabiwa, na wako waliokuwa safarini au kambini kwa wavuvi. Na dozi za kampeni huhesabiwa mbali, haziziondoi zile za kliniki. Jibu la "tutajuaje" lilikuwa moja tu: mtu aende akaulize.

Zamani kidogo hilo lingekuwa rahisi. Kulikuwa na mradi uliotulipia bando na mafuta ya boti kwa ziara za namna hii, ukafungwa mwanzoni mwa 2025 msaada wa Marekani uliposimamishwa. Siku hizi tunadandia. Nikasikia Jumatano kuna boti inapeleka dawa Pate, nikaomba nafasi, nikapewa nikae juu ya makatoni.

Jumatano tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu ya maji. Ilikuwa bado bamvua, siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, na bamvua hupwa vibaya. Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, ukiupita umechelewa utakaa hapo ukiwatazama kaa mpaka alasiri. Nahodha, mzee ninayemwita ami ingawa hatuna nasaba, alikuwa akitazama mizizi ya mikoko badala ya saa. "Hima, mai yapwa," akawaambia vijana, na injini ikafunguliwa. Tulipotoka upande wa pili kusi ilikuwa bado ina nguvu, tukalowa sote. Nilikuwa nimeifunga kompyuta ndani ya leso mbili na kuipakata kama mtoto.

Zahanati ina vyumba vitatu na baraza. Akina mama walikuwa wamekaa barazani na watoto wao, na nesi alikuwa ndani akimfunga mtu kidonda cha mguu. Yuko peke yake pale. Anazalisha, anafunga vidonda, anatoa dawa, anachanja, anafagia, na mwisho wa mwezi anajaza fomu. Si mwenyeji, ametoka Taita, lakini amekaa miaka sita na watoto wa kijiji kizima humwita Sista. Nilimsubiri. Nikiwa nasubiri nilisoma ile karatasi ya joto iliyobandikwa kwenye mlango wa friji la sola. Chanjo hutakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na joto husomwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kila siku, pamoja na Jumapili na sikukuu. Nilipitisha kidole kwenye Agosti yote. Hakukuwa na nafasi hata moja iliyorukwa. Nyuzi 4, nyuzi 5, nyuzi 4. Usiku mmoja, kando ya tarakimu, ameandika "mama anajifungua, nimesoma saa tano."

Nilipoona hivyo moyo ulinibana, kwa sababu ofisini kuna watu, na Jumatatu nami nilikuwa mmoja wao, tunaomwona nesi wa kistari kuwa nesi mvivu.

Akaja, tukasalimiana, nikamwonyesha picha ya fomu yake.

"Sista, hiki kistari ni nini?"

Alikitazama muda. "Ni kwamba sikuchanja."

"Hawakuja?"

"Walikuja."

Akakaa. Akafungua friji, akatoa chupa moja, akaiweka kiganjani mwake mbele yangu. Ni kidogo ile chupa, haizidi kifundo cha kidole gumba. Ndani mna unga. Dozi 10. Ukishautia maji yake ukawa dawa, una saa 6 tu. Zikipita, kilichobaki unamwaga, hata kama umemdunga mtoto mmoja. Akaniambia mwaka jana aliwahi kufungua chupa kwa ajili ya watoto wawili, na hesabu ya akiba ilipokaguliwa akaulizwa mbele za watu dozi 8 zimekwenda wapi. Nani alimuuliza sitasema. Tangu siku hiyo akawa anawaambia akina mama warudi siku nyingine, akisubiri wafike watano au sita pamoja. Mwingine hurudi. Mwingine ana shamba, ana mgonjwa, ana bahari. Mtoto wa miezi 18 ndiye mgumu zaidi kumrudisha, anatembea, anacheza, hana homa, mamake anaona safari ya kliniki iliisha alipofikisha miezi 9.

Sikumlaumu na simlaumu. Chupa ni za nchi, na kumwaga dawa kunauma. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chupa ya surua ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu dozi zilizomwagwa hununuliwa tena, na mtoto aliyerudishwa nyumbani huna hakika utamwona tena. Surua huenea kwa hewa, haraka kuliko karibu kila kitu tunachokijua. Ili isipate njia, watoto 95 katika kila 100 wawe wamepata dozi mbili. Kijiji chenye watoto saba wasio na dozi kimeshauacha mlango wazi.

Nimesema saba kwa sababu Sista alikuwa na hesabu. Alikwenda kwenye daftari la chanjo, akaligeuza, akafungua ukurasa wa mwisho kabisa, ule wa ndani ya jalada. Pale palikuwa na majina. Saba, kila moja na tarehe aliyokuja, jina la mama, na nambari ya simu. Wanne wa miezi 9, watatu wa miezi 18. Ameyapigia mstari kwa rula. Hakuna fomu inayouliza jambo hilo, wala hakuna kisanduku cha mtoto aliyekuja akarudishwa, basi akajitengenezea mahali pake nyuma ya jalada ili asiwasahau.

Kisha mhudumu wa afya ya jamii akafika, mama mmoja mchangamfu mwenye simu ya serikali, zile walizogawiwa wahudumu wa nchi nzima pamoja na mikoba ya vifaa mwaka 2023. Simu hizo zina programu ya eCHIS. Mhudumu hupita nyumba kwa nyumba, huandika kila kaya, na hata pasipokuwa na netiweki hufanya kazi, hutuma baadaye. Nikamwomba anionyeshe watoto waliochelewa chanjo. Akatelezesha kidole. Majina yalikuwa yale yale. Saba wote, wamewekewa alama kwamba muda umepita.

Niliketi pale kwenye ubao nikiwa na karatasi upande mmoja na simu upande mwingine. Daftari lilijua. Simu ya mhudumu ilijua. Mimi ambaye kaunti nzima yanitegemea niseme mambo yalivyo ndiye sikujua, maana habari za ile simu hunifikia zikiwa jumla, majina yamebaki huko, na habari za jalada hazifiki kabisa.

Walipanga hapo hapo. Kesho yake, Alhamisi, mhudumu angepita milango saba, na mwenzake wa kijiji cha jirani angeleta watoto wake waliochelewa, chupa ifunguliwe saa tatu asubuhi. Na nikamwandikia Sista kwa mkono wangu, nikatia sahihi, kwamba akimwaga dozi kwa sababu ya kufungua chupa kwa wachache, aandike idadi na sababu kwenye daftari la akiba, na akiulizwa anionyeshe mimi. Sina cheo cha kuamua mambo ya dawa, lakini mkuu wa chanjo nilimpigia jioni na akakubali.

Kabla ya kuondoka niliomba nione kitabu cha fomu. Hizi fomu huandikwa kwa kaboni, ya juu huja kwetu, ya chini hubaki kituoni. Nikafungua nakala ya Juni. Kaboni ilikuwa hafifu, nikaipeleka mlangoni kwenye jua. Vistari viwili mahali pale pale. Na pembezoni, kwa maandishi madogo yaliyokaa ubavu: "Chupa haikufunguliwa. Watoto 3 wamerudishwa." Nikamuuliza kama iliandikwa pia kwenye fomu ya juu. Akanishangaa. Kaboni haiandiki bila ya juu kuandikwa.

Tulisubiri maji, tukarudi wakati wa magharibi. Njia nzima sikusema neno, ami akadhani bahari imenichafua.

Alhamisi asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwenye kabati, nikatoa jalada la Juni, nikaitafuta. Ilikuwepo. Maandishi yale yale pembezoni, kwa wino, yanasomeka wazi na hayahitaji jua wala miwani. Na chini yake tiki nyekundu ya kuonyesha fomu imeshaingizwa, na herufi za kwanza za jina la aliyeingiza. Ni herufi zangu.

Nimeikumbuka siku hiyo. Ilikuwa tarehe 14, umeme ulikuwa ukikatika, nilikuwa na fomu nyingi mezani, nikawa natazama visanduku tu. Kisichokuwa na kisanduku macho yangu yalikiruka. Watoto watatu wa Juni walikuwa wameandikwa, wamevuka bahari, wamefika mezani kwangu, na mimi nikaweka tiki.

Nimeandika haya hapa kwa sababu wengi tunaofanya kazi hii husema mfumo hauna mahali pa kuandika sababu. Nami nimekuwa nikisema hivyo miaka. Si kweli. Kwenye DHIS2 ukibofya kisanduku mara mbili, hufunguka dirisha dogo lenye historia ya tarakimu hiyo na mahali pa kuandika maoni, pamoja na alama ya kusema jambo hili lifuatiliwe. Limekuwepo muda wote. Tulifundishwa siku moja kwenye semina, tukanywa chai, tukasahau, kwa sababu hakuna anayetuuliza maoni. Tunaulizwa asilimia ya vituo vilivyoleta ripoti kwa wakati.

Nikabofya. Agosti, surua na rubela, miezi 9. Nikaandika 0, kisha kwenye maoni: watoto wanne walifika, chupa haikufunguliwa, watachanjwa Septemba. Miezi 18 vivyo hivyo, watatu. Nikarudi Juni nikaandika ya Juni, miezi mitatu baadaye. Halafu nikawaita wenzangu wawili tulio nao chumbani, nikawaonyesha ile fomu na herufi zangu, tukakubaliana kuwa kuanzia sasa chochote kilichoandikwa pembezoni mwa fomu kinaingia kwenye maoni kabla ya tiki. Tulichukua siku iliyobaki kuzipitia fomu zote za Agosti upya. Pembezoni mna mambo mengi. "Mizani imevunjika." "Nilikuwa likizo ya uzazi." "Bahari mbaya wiki mbili." "Dawa ya minyoo haijaletwa." Mmoja ameandika tu, "Tunaomba mtu."

Kuhusu ile tabia ya kupoteza sifuri, kubadili kisanduku si uwezo wa kaunti, ni wa wasimamizi wa kitaifa. Nimewaandikia barua pepe nikiorodhesha visanduku vya chanjo ambavyo ningependa vitunze sifuri. Nasubiri jibu. Kijana wa ramani nilimpigia mwenyewe, nikamweleza habari ya chupa tangu mwanzo. Alisikiliza kimya, kisha akauliza maswali mengi mazuri, na jioni akanitumia skrinshoti: doa la kijiji kile sasa lina duara dogo jeupe katikati, ukiligusa linafunguka na kusoma maoni. Lilisomeka kwa maneno yangu niliyoandika asubuhi. Nilifurahi sana.

Ijumaa kabla ya adhana ya Jumaa, Sista akapiga. Amepanda kilimani kutafuta netiweki, upepo ulikuwa ukivuma ndani ya simu. Wamechanja tisa: sita wa kwake, watatu wa kijiji jirani. Dozi moja imemwagwa, na ameiandika. Nikamuuliza wa saba.

Wa saba, mmoja wa wale wa miezi 18, amekwenda Malindi na mamake tangu wiki iliyopita, kwa dada yake mama aliyejifungua. Hajulikani atarudi lini.

Malindi iko kaunti nyingine, Kilifi. Mfumo wangu hauna jina la mtoto. Una tarakimu tu, na akivuka kaunti tarakimu haimfuati. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inalenga siku ambayo kumbukumbu za mgonjwa zitakwenda naye popote aendako, na siku hiyo naitaka kwa moyo wangu wote, lakini Ijumaa ile haikuwa imefika. Kinachomfuata mtoto ni kijitabu cha mama na mtoto. Mwenzangu mmoja wa Malindi alikuwa tayari kumpokea kliniki yoyote atakayokwenda. Sista alitaka kuupiga picha ukurasa wa jalada autume kwa WhatsApp, nikamwomba asifanye hivyo, maana pale mna majina ya watoto wengine sita na simu za mama zao, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Anisomee nambari moja tu.

Nikapiga saa kumi jioni. Simu ikapokelewa, na upande wa pili hapakuwa na neno, pumzi tu, karibu sana na kipaza sauti, na kitu kama kijiko kikigongwa. Nikasema, "Hodi?" Pumzi zikaongezeka. Kisha sauti ya mwanamke kutoka mbali: "Lete hiyo, lete!"

Tukazungumza. Alikumbuka vizuri kwamba alikwenda mara mbili akarudishwa, na hakuwa na kinyongo. Yuko tayari kumpeleka Malindi hata Jumatatu. Ila kijitabu amekisahau kwao, kiko ndani ya sanduku la nguo, na bila kijitabu kliniki ya ugenini haitajua amepata nini na nini bado. Simu yake ni kabambe, ile ya vitufe, haipokei picha.

Kwa hiyo mhudumu akaenda kwa bibi yake mtoto, sanduku likafunguliwa, kijitabu kikatiwa ndani ya bahasha ikabandikwa, ami akaja nacho Ijumaa usiku na maji ya jioni. Jumamosi alfajiri nikavuka nacho mpaka Mokowe. Basi la Malindi lilikuwa linanguruma. Konda aliipokea bahasha akaitupa juu ya dashibodi, mbele ya kioo. Nikamwambia si hapo, jua litaichoma. Akanitazama, akaichukua, akaitia ndani ya mkoba wake wa tikiti, akafunga zipu.